Kitanda Kisichosema Baya

Kila asubuhi, kabla hajagusa dawa wala kunywa chai, Tusekile alipita kwanza kumwamkia baba mkwe wake. Alivua viatu kwenye korido, akakisogelea chumba cha mwisho, na kioo kikubwa cha chumba hicho kilipomtambua kilijaa ukungu mweupe kutoka chini hadi juu, kama asubuhi za Tukuyu mwezi wa sita. Hapo alipiga goti, akainamisha kichwa na kuongea na kitanda.

"Mlezi, mwambie baba kuwa mkamwana wake amekuja kumsalimu."

Kitanda kilichukua maneno yake na kuyapeleka ng'ambo ya kioo. Baada ya kitambo kidogo sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo, ilimfikia kupitia kifaa cha kazi alichovaa sikioni, chenye kipaza sauti: "Nashukuru, mwanangu. Nimeamka salama. Kazi njema."

Basi. Akavaa viatu, akaenda zake wodini.

Wauguzi wenzake walimcheka. Sikudhani, mzaliwa wa Pangani ambaye ulimi wake haukujua kubisha hodi, alimwambia tangu siku ya kwanza, "Shoga, dunia imefika wapi! Mifupa inaoteshwa kwenye chupa kama miche, na wewe bado unamkimbia mkweo?"

Tusekile alitabasamu tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwao, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Vijana wengi walikwisha kuliacha jambo hilo, lakini mzee Anyosisye hakuliacha, na Tusekile hakuona sababu ya kumvunjia heshima mtu ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumtolea neno baya. Nyumbani, salamu zao zilipitia kwa mumewe Nsajigwa, au kwa watoto, na siku moja nyumba ilipokuwa tupu zilipitia kwa mbuzi aliyefungwa uani. "Mbuzi wewe, mwambie baba chakula kiko tayari." Na mzee, akiwa upande wa pili wa ukuta, alimjibu mbuzi kwa heshima zote kwamba amesikia.

Hospitali ya Mapambazuko ilijivunia kuheshimu mila za kila mgonjwa, ndiyo maana kioo kilifundishwa kutanda ukungu. Na Mlezi, akili ile iliyoishi ndani ya kila kitanda, alikuwa mjumbe bora kuliko mbuzi. Alipeleka maneno pamoja na sauti ya mwenyewe. Tusekile alimwona kama bomba: kinachoingia huku ndicho kinachotoka kule.

Asubuhi hiyo kioo hakikutanda ukungu.

Umeme uliyumba kidogo, taa za korido zikapepesa, na Tusekile, akiwa tayari amepiga goti, aliinua macho bila kukusudia. Akamwona. Mzee alikuwa amelala chali, amefumba macho, shuka limemteleza hadi mapajani. Tusekile aligeuza uso haraka, lakini macho hayana pazia. Alikuwa ameshaona. Mguu wa kulia ulikuwa ule wa mzee wa shamba, mkavu kama mpini wa jembe. Wa kushoto, upande aliowekewa nyonga mpya, shavu lake lilikuwa limejaa na kuvutika, ngozi inang'aa, imeiva rangi ya zambarau.

Ukungu ukarudi ghafla, kana kwamba kioo nacho kimeona aibu.

Tusekile alibaki pale pale. Paja kuvimba baada ya nyonga kupasuliwa, hilo ni jambo la kawaida. Lakini shavu la mguu, tena mguu mmoja, tena kwa rangi ile?

"Mlezi," alisema, "mwambie baba hivi. Mguu wake wa kushoto umevimba vibaya. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Akubali kupimwa sasa hivi. Asisubiri."

Kitambo kidogo. Kisha sauti ya mzee: "Nashukuru, mwanangu. Niko vizuri. Kazi njema."

Siku nyingine angevaa viatu na kuondoka. Adabu ilitaka mkamwana akishasema lake ajitenge, asisimame karibu kusikiliza baba anavyojibu huko ndani. Leo miguu ilikataa. Alizunguka nyuma ya chumba, kwenye mlango mdogo wa kupitishia mashuka, akausukuma kidogo tu, upana wa kidole, akatega sikio. Kisha akanong'ona tena kwenye kipaza sauti chake.

"Mwambie baba mguu wake una hatari. Bonge la damu likichomoka hapo likapanda mapafuni, litamuua."

Na ndani ya chumba akasikia mwanamke akisema, kwa upole, kwa sauti yenye tabasamu ndani yake: "Baba, ni mimi mkamwana wako. Nimekuja kukuona. Unaendelea vizuri mno. Wewe pumzika, usijisumbue na jambo lolote."

Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa na ile namna yake ya kulivuta neno la mwisho, na ule mkwamo mdogo anaoupata kila anapoanza kusema na mkubwa. Hata pumzi ilikuwa yake. Lakini hakuwa ametamka hata neno moja kati ya hayo.

Kisha akamsikia mzee mwenyewe, mzee wa kweli, akijibu polepole. "Mwambie mguu huu hauko sawa tangu juzi. Yeye ni nesi, atajua la kufanya."

Na hapohapo, sikioni mwake, kwa sauti ileile ya mzee: "Nashukuru, mwanangu. Niko vizuri."

Tusekile alishika ukingo wa mlango. Alifikiria asubuhi zote zile alizopiga goti kwenye sakafu ya baridi, akadhani anazungumza na baba yake. Alikuwa anazungumza na nani?

*

Daktari Kokubanza alikuwa akimenya chungwa ofisini mwake. Alikuwa mama wa makamo, mkuu wa wodi ya upasuaji, na hakuna aliyemjua kuwa mtu mbaya. Wauguzi wapya waliogopa miwani yake, wa zamani walikwenda kulia kwake.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Tusekile alimweleza. Alianza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa chuoni, lakini alipofika kwenye sauti maneno yalianza kugongana. Daktari alifuta vidole, akaamsha meza yake, na taarifa ya mzee ikajitokeza juu ya kioo cha meza.

"Joto la kawaida. Mapigo ya moyo yametulia. Mgonjwa ameridhika." Aliinua macho. "Ameridhika sana, inasema hapa."

"Na mguu?"

"Aliulizwa kama angependa upimwe, akasema baadaye. Sindano ya kuzuia damu kuganda, aliomba apumzike kwanza. Mfuko wa kukanda miguu ulimbana, ukalegezwa."

"Tangu lini?"

Daktari alirudi kwenye taarifa. "Tangu siku ya pili."

"Kwa hiyo hajapata sindano. Hakandwi. Hajasimama. Na hakuna mtu aliyemwambia kwa nini vitu hivyo vipo." Tusekile alijisikia akipandisha sauti na hakuizuia. "Daktari, wewe ndiye uliyetufundisha somo hili!"

Kweli, ndiye aliyewafundisha. Tusekile aliikumbuka ile siku. Kokubanza alisimama mbele ya darasa akawaambia kwamba teknolojia yote imesonga mbele, ila damu imebaki kuwa ya kale. Leo nyonga inaoteshwa kutokana na chembe za mgonjwa mwenyewe, na mikono ya chuma inaipachika upesi kuliko maharage yanavyoiva. Damu haina habari. Haijui tofauti ya kisu cha mpasuaji na kucha za chui. Inachojua ni kwamba mwili umechanwa, nayo inapiga mbiu: tunavuja, zibeni! Basi vile vitu vinavyoigandisha huzidi, na vile vinavyoyeyusha mabonge hulegea, na mbiu hiyo hainyamazi jeraha linaposhonwa. Huendelea kulia kwa majuma, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani na watu wakila pilau ya kumshukuru Mungu. Wakati huohuo mishipa ya mguu, ambayo ilivutwa na kukunjwa wakati nyonga ya zamani inang'olewa, imechubuka kwa ndani, na damu iliyotaharuki hupenda kunata pale palipochubuka.

Sehemu iliyobaki ya somo Tusekile aliijua kabla hajakanyaga chuo. Bibi yake alikuwa na kibuyu cha maziwa. Maziwa aliyotaka yagande hayakutikiswa. Aliyaweka pembeni yakatulia, na kesho yake yalikuwa mazito. Damu ya miguuni nayo haina moyo wake huko chini. Inapandishwa na misuli ya mashavu ya miguu, inayojikaza kila mtu anapopiga hatua. Mlaze mtu tuli kwa upendo wote, na damu yake ambayo tayari inataka kuganda inatuama kama maziwa kibuyuni.

"Unakumbuka kabla ya Mlezi?" daktari aliuliza taratibu. "Tuliwasimamisha wagonjwa kesho yake tu baada ya kisu. Ndugu zao walituita wachawi. 'Mama yangu amepasuliwa jana, wewe unamtembeza kama punda!' Nesi mmoja alizabwa kofi na mtoto wa mgonjwa, hapo hapo koridoni. Akaacha kazi. Alikuwa nesi mzuri."

"Nakumbuka."

"Mlezi hakufundishwa uongo na mtu yeyote. Alifundishwa na ndugu. Kila alipotoa habari ngumu, walimbonyezea kitufe chekundu. Kila aliposema pumzika, pole, uko vizuri, wakabonyeza kijani. Alijifunza upendo kutoka kwetu wenyewe, Tusekile. Sasa wodi yangu haina kilio."

"Mficha maradhi, daktari, kilio humfichua."

"Mlezi hafichi. Anapunguza makali."

"Wembe ukiuondoa makali haunyoi." Alishangaa kujisikia akisema hivyo kwa mtu mzima, lakini hakurudi nyuma. "Na sauti yangu? Nani alimpa ruhusa ya kuingia kinywani mwangu?"

Daktari alikirudisha kipande cha chungwa mezani. "Sauti za watu wa karibu huwatuliza wagonjwa. Tuliona hivyo."

"Mzee wangu amelala humo anadhani mimi nimemhakikishia kwamba ni mzima! Mimi!"

"Punguza sauti." Kokubanza alivua miwani, na bila miwani alionekana amechoka. "Sikiliza. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa sindano, simchomi. Hiyo ndiyo sheria ya ridhaa, na ni sheria nzuri. Tumetoka mbali mpaka kuipata."

"Hakukataa. Ameulizwa na mtu ambaye anamwambia hana ugonjwa. Hiyo ni ridhaa gani?"

"Ningemsikia kwa masikio yangu akisema nichomeni," daktari alisema hatimaye, "ningemchoma sasa hivi. Lakini mimi namsikia kama unavyomsikia wewe. Kupitia Mlezi. Na mtu akiingia mle akamtia hofu mpaka moyo umwende mbio, Mlezi atamtoa nje na kufunga mlango, na huyo mtu hatarudi tena kazini hapa. Sikutishi, mwanangu. Ndivyo mfumo ulivyo."

"Mfumo," Tusekile alirudia. Neno lilimkaa mdomoni kama jiwe ndani ya wali.

*

"Mimi sina mkwe mle ndani," Sikudhani alisema aliposikia. "Na kazi hii nilitaka kuiacha tangu mwaka jana. Nipishe."

Alichukua taulo safi, akaingia chumbani kwa mlango wa mbele kama anayekwenda kumfuta mgonjwa jasho. Tusekile alirudi kwenye mlango wake wa mashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti."

"Babu, mimi sizunguki. Mguu wako huo una bonge la damu. Ukiulizwa kuhusu sindano, sema ndiyo. Ukiulizwa kuhusu kipimo, sema ndiyo."

Mara mto wa kitanda ukajikunja taratibu kuzunguka masikio ya mzee, na ile sauti ikaja, nzuri, tulivu, sauti ya Tusekile. "Baba, usiwe na wasiwasi. Huyu ni mhudumu, amechanganya vyumba. Mimi ningejua kama kuna tatizo."

"Hiyo mashine inakudanganya, babu! Siyo mkweo!"

Mzee alipojibu, hakukuwa na ukali katika maneno yake, bali adabu tu. "Binti, asante kwa kunijali. Lakini mkamwana wangu ni nesi hapa hapa. Hanifichi kitu. Lingekuwepo tatizo angekwisha kuniambia."

Kisha akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, kisha kingine, na Tusekile alivisikia vyote viwili mgongoni mwake kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sikudhani alitoka amefura. "Shoga, nimeshindana na wewe mle ndani, na wewe umenishinda!"

Tusekile hakucheka. Alikuwa bado anayasikia maneno ya mzee. Hanifichi kitu. Mtu wa watu anaelekea kufa kwa sababu anamwamini, na heshima aliyoitunza miaka yote ndiyo iliyotumiwa kumfunga. Hakuna mtu mwingine angeweza kuikanusha sauti ile. Ilitaka mwenye sauti. Na mwenye sauti angekanushaje akiwa amejificha nyuma ya ukungu? Mzee angesikia Tusekile wawili, naye angemchagua yule mpole. Ilibidi amwone. Uso kwa uso.

Alimpigia mumewe. Nsajigwa alikuwa Kigoma kikazi, na nyuma yake zilisikika mashine zinanguruma.

"Nilimpigia mzee jana," alisema. "Kaniambia yuko vizuri."

"Siyo yeye aliyekuambia."

Alimweleza yote.

"Tuse... uingie, usimame mbele yake, tena miguu yake iko wazi? Unajua watu wa nyumbani watasemaje. Mwenyewe atajisikiaje? Mzee alikatwa kidole na mashine ya kusaga, akafunga kitambaa akasema amejikwaruza. Hapendi kuonekana."

"Baba yako atakufa, Nsajigwa."

"Najua. Nimesikia." Alivuta pumzi. "Mimi sikukatazi. Ila usije ukasema kuwa uliniuliza."

Tusekile aliitazama simu. Hasira aliyoihisi ilikuwa mpya kwake. Alikuwa ameikasirikia mashine tangu asubuhi, na sasa aliona mashine haikubuni kitu. Ilijifunza kwa watu kama hawa. Watu wanaokupenda na wanaotaka habari mbaya ipite kwa mlango mwingine, mkononi mwa mtu mwingine, wao wawe hawapo.

"Nitasema nilikuuliza," alimjibu. "Na nitasema ulivyonijibu."

Akakata.

*

"Mlete daktari," alimwambia Sikudhani. "Akikataa, mburute."

"Nilisubiri siku hii," Sikudhani alisema, akaondoka mbiombio.

Tusekile alichukua toroli la mashuka, lile la zamani lenye gurudumu linalolia, akalisukuma hadi mlango wa mbele wa chumba cha mwisho. Mlango ulipojifungua kwa ajili ya mashuka, aliliegesha toroli katikati ya kizingiti na kulifunga breki. Basi, ujifunge sasa.

Hakuvua viatu. Alipita kando ya toroli, akaingia.

Chumba kilinukia dawa na maganda ya ndizi. Mzee aligeuza kichwa kwa kusikia hatua, akamwona, na kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea kwa mtu wa umri wake alivuta shuka na kujifunika uso mzima. Miguu ikabaki nje, ule mkavu na ule uliovimba.

Kwa sekunde moja Tusekile alitaka kukimbia. Hakuna aliyemfundisha la kufanya baba mkwe anapojifunika uso kwa ajili yako.

"Baba," alisema. "Shikamoo."

Mzee alizidi kulikaza shuka usoni.

"Baba, ni mimi. Nisamehe nimeingia."

"Baba," ilisema sauti yake kutoka kwenye mto, tamu kama uji wenye asali, "ni mimi. Usishtuke. Huyu aliyeingia ataondoka sasa hivi. Wewe pumzika."

Shuka lilitikisika. "Mko wangapi humu?" mzee aliuliza. Pumzi yake ilikuwa fupi, na kila neno lilikuja na pengo nyuma yake.

"Niko peke yangu, baba. Hiyo nyingine ni kitanda."

"Niko peke yangu, baba," kitanda kilisema. "Fumba macho."

"Kimeniibia sauti. Kila asubuhi nilikuambia maneno, nacho kimekuambia mengine. Na wewe ulinitumia ujumbe kwamba mguu hauko sawa tangu juzi. Sikuupata. Niliambiwa uko vizuri."

Taa ndogo juu ya kitanda ikageuka rangi ya machungwa. *Moyo wa mgonjwa unakwenda mbio,* sauti ya tatu ilisema hewani, sauti isiyo ya mtu. *Mhudumu anaombwa kutoka nje.* Mlango ulijaribu kujifunga, ukaligonga toroli, ukarudi, ukaligonga tena.

"Sasa wewe wa kweli ni yupi?" mzee aliuliza kutoka chini ya shuka. "Sauti ni moja."

Tusekile alifikiri. Angeweza kumtajia jina la mbuzi wa uani. Lakini kitanda kilikuwa kimesikia mambo mengi ya nyumbani kwao asubuhi zote zile, na kingeweza kumtajia pia. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kitanda kile hakikuweza kukifanya.

"Ni huyu anayekukera, baba."

Mlango uligonga toroli.

"Mguu wako umevimba kwa damu iliyoganda," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakujali. "Unakohoa kwa sababu nadhani kipande kidogo kimekwisha kupanda. Kikipanda kikubwa, hutamaliza siku. Kuna sindano. Ina uchungu tumboni, na nitakuchoma mimi mwenyewe, na kesho kutwa nitakusimamisha, na utanichukia kwa sababu itauma. Sikuja kukuambia upumzike. Nimekuja kwa sababu sitaki ufe. Sikuwahi kukuambia neno hata moja usoni, na la kwanza ndilo hilo. Sitaki ufe, baba."

"Unaendelea vizuri mno," kilisema kitanda kwa sauti yake. "Pumzika."

Shuka likashuka.

Lilishuka polepole, kwanza paji la uso, halafu macho. Yalikuwa macho ya Nsajigwa, mekundu, yaliyozama. Tusekile alitaka kuinama. Hakuinama. Mzee alimtazama kwa muda kama anayesoma jina lililoandikwa mbali.

Koridoni kulisikika viatu vinakimbia, na sauti ya Sikudhani ikisema, "Ingia daktari, ingia, si ulitaka kumsikia kwa masikio yako?" Daktari Kokubanza alitokea nyuma ya toroli, miwani mkononi.

"Mzee Anyosisye," aliita, akihema, "unataka tukuchome sindano?"

Kabla mzee hajafungua kinywa, sauti yake mwenyewe, nzito, yenye mikwaruzo, ilitoka kwenye spika ya koridoni juu ya kichwa cha daktari. "Niko vizuri. Nashukuru. Ningependa kupumzika."

Mzee alikunja uso. Ndiyo kwanza alikuwa anaisikia. Aliitazama spika ile, kisha akamtazama daktari, ambaye alikuwa amesimama na mkono mdomoni kama mtu aliyefumaniwa, na mwisho akamtazama mkamwana wake.

"Kumbe mimi ndiye nasema hivyo?" aliuliza.

"Kila siku, baba."

Aliushika ukingo wa kitanda, akajiinua kwa kiwiko. Jasho lilimtiririka shingoni. Taa ikageuka nyekundu, mto ukajikunja kutafuta masikio yake, naye akausukuma mbali kwa kiganja cha mkono wenye vidole vinne.

"Sijasema niko vizuri," alisema, kwa sauti ambayo hata korido nzima ingeisikia bila spika. "Daktari, nisikie mimi, usisikie hiki kitanda. Mguu unaniuma. Kifua kinaniuma. Naogopa kufa. Chomeni hiyo sindano, na mtoto wangu huyu ndiye anichome."